Skonzi, Ghorofa na Mzee Asiyekaa

Ninyi wanangu mnaosomea mambo ya hoteli, juzi mlipokuja hapa Unyambwa na mwalimu wenu niliwasikia mkinong'onezana. Yule binti wa suka ndefu akajitoa mhanga, akauliza, "Bibi Maria, eti wewe ndiye uliyempa Mzungu skonzi akadhani kapewa mto wa kulalia?" Mkacheka wote, na mwalimu wenu akajifanya anakohoa. Chekeni tu. Lakini kisa hicho mmekisikia nusu, na hiyo nusu mmeisikia vibaya. Mimi nilikuwepo, nina unga hadi kwenye viwiko, kwa hiyo nipisheni nikisimulie mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu skonzi. Hakuna mtoto wa Singida asiyejua skonzi. Ni mkate mdogo wa mviringo, laini, wenye sukari ya mbali, unaumuliwa kwa hamira na kupangwa kwenye trei umebanana na wenzake. Ukitoka kwenye tanuri unauvuta kwa mkono, unaachia nyuzinyuzi. Nilizioka miaka mingi kwenye kiwanda cha mkate cha shirika pale mjini, tangu enzi zile unga unakuja kwa mgao na sukari tunaisikia redioni tu. Nilikuwa nikibonyeza donge kwa kidole najua kama limeumuka au linanidanganya. Sasa mtu akiniambia mimi sijui skonzi, nitamwelewaje?

Halafu ikaja ruksa ya biashara huria. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kujua. Mwaka mmoja ulikuwa unapanga foleni ya sabuni, mwaka unaofuata sabuni zinakuita zenyewe, za kila rangi, na mitumba imetandazwa mpaka njia ya sokoni haipitiki. Mambo mazuri, lakini kiwanda chetu kikafungwa, na mimi nikamwaga unga, yaani nikakosa kazi. Nasema hivyo nikicheka sasa hivi. Siku ile sikucheka hata kidogo.

Aliyeniokota ni Bi Nirmala. Huyu alikuwa mkwe wa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa mjini. Alizaliwa hapahapa Singida, na Kinyaturu chake cha kununulia kuku kilikuwa kinawashinda baadhi yenu. Ruksa ilipokuja, familia ikajenga hoteli juu ya kilima, katikati ya yale mawe makubwa, baraza la ghorofani linatazama ziwa. Zulia jekundu, vioo kila ukuta, bomba la maji ya moto. Mji mzima ulikuwa unapanda kilima Jumapili kuja kutazama zulia. Bi Nirmala alikuwa amekwenda Uingereza kumtembelea shangazi yake, akarudi na wazo lake moja kichwani: hoteli ya kifahari lazima iwe na chai ya alasiri ya Kiingereza. Kibao kikapigwa rangi kikawekwa barabarani: Chai ya Kiingereza, kila siku, saa kumi.

Jamani, wateja wa kwanza walitutesa! Baba yangu mdogo alitoka Misigiri, amevaa koti la harusi, akaketi. Tukamletea lile sinia la Kiingereza la sahani tatu zilizopandiana, sisi jikoni tulikuwa tunaliita ghorofa. Chini sandwichi, katikati mikate, juu keki. Akazitazama zile sandwichi za matango, ndogo kama vipande vya sabuni ya kuogea, zimeondolewa kingo. Akaniita pembeni. "Maria, mkate huu umeula wewe pembezoni?" Nikamwambia ndivyo Waingereza wanavyokula. "Kwani hawana meno?" Akafagia ghorofa yote, akajifuta mdomo kwa ustaarabu, akasema, "Haya, sasa leteni ugali."

Hizo kingo, kwa taarifa yenu, tulizila sisi wafanyakazi. Na sandwichi msizidharau, zina ufundi wake. Mkate uwe wa jana, wa leo unararuka. Tango lipakwe chumvi kidogo, litoe maji, ulikaushe kwa kitambaa safi. Na kisu, nawaomba sana, kisiwe kile kilichokatia kitunguu. Vitunguu vyetu vya Singida havina msamaha, hata ukikiosha kisu mara ngapi mgeni atajua.

Ufundi huo ulikuwa wa Mzee Chilongani, na sasa ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe.

Mzee Chilongani alikuwa Mgogo wa Manyoni. Ujana wake wote aliumalizia kwenye treni, kwenye behewa la chakula, akiwahudumia abiria wa daraja la kwanza. Alistaafu, mkewe akafariki, watoto wakatawanyika, na Bi Nirmala aliposikia kuna mzee aliyewahi kumimina chai kwenye treni inayoyumba bila kuangusha tone, akamfuata mpaka Manyoni. Akaja na koti lake jeupe la zamani, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alitufundisha kila kitu. Buli lioshwe kwanza kwa maji ya moto, likiwa baridi litaua chai. Maji yachemke mara moja tu, yakirudiwa kuchemka yanachoka. Majani ya vifuko alipoletewa mara ya kwanza alikishika kifuko kimoja kwa mkia, akauliza, "Huyu panya kafia wapi?"

Na sheria yake kubwa ilikuwa moja: mhudumu hakai. Akikukuta umeketi zamu ikiendelea, hata kama hakuna mteja, anakusimamia kichwani mpaka unaona aibu. "Ukikaa umekuwa abiria," anasema. "Una tiketi?" Sijawahi kumwona ameketi. Hata chakula chake alikula akiwa ameegemea meza ya jikoni.

Shida ilikuwa mikono. Miezi michache tu tangu tuanze ile huduma, mikono ikaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, tukawa tunasikia tu kikombe kikiongea na kisahani chake. Halafu ikazidi. Siku moja akammwagia chai ofisa fulani kwenye suruali, na ofisa huyo hakuwa mtu wa utani. Bi Nirmala aliniita jikoni, uso umemshuka. "Maria, nampenda Mzee kama baba yangu, lakini hii ni hoteli. Wageni wale wanaotafuta dhahabu Sekenke wanakuja. Akimwaga tena, itabidi nimpumzishe."

Mzee alikuwa nyuma ya mlango, alisikia. Baadaye nilimkuta anasugua vijiko ambavyo tayari vilikuwa safi. Nikamwambia, Mzee, si mbaya kupumzika. Akanitazama. "Kupumzika na nani? Nyumba yangu Manyoni ina mlango na mimi. Hapa nasikia watu wakiongea. Kule nitakufa kwa ukimya, Maria." Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuni. Roho iliniuma kwelikweli.

Basi, mkuu wa wale watafuta dhahabu, tuliyemwita Bwana Pita, alikuwa anaishi kwenye mahema kule Sekenke na watu wake, vumbi mpaka masikioni. Mama yake akaja kutoka Uingereza kumtembelea. Bwana Pita akamwambia Bi Nirmala, mama yangu akipata chai ya kweli hapa Singida, nitawahamishia watu wangu wote hotelini kwenu. Mnaona mzigo huo? Bi Nirmala akanishika mabega. "Maria, huyu mama kitu anachopenda ni skonzi. Unaweza skonzi?"

"Skonzi!" Nilicheka mpaka nikashika meza. "Bi Nirmala, mimi na skonzi tumekua pamoja."

"Una uhakika?"

"Nenda zako Arusha ukanunue vikombe vyako. Ukirudi utazikuta."

Akaenda. Na mimi nikafanya kazi ambayo sijawahi kuifanya maishani mwangu. Unga niliuchekecha mpaka ukawa kama poda. Donge nililikanda mpaka Mzee Chilongani akasema limekuwa laini kuliko moyo wa mama mkwe. Tukatengeneza na krimu kwa njia aliyoijua Mzee: maziwa mabichi kwenye sufuria pana, juu ya jiko lenye makaa yanayokaribia kuzimika, yapate joto lakini yasichemke, saa nyingi bila kuyagusa. Ukija unakuta utando mnene wa manjano unaoweza kuukunja kama shuka. Jemu hatukuwa nayo ya maana, tukaweka asali ya Itigi. Skonzi zilipotoka kwenye tanuri nikazipaka maji ya sukari juu, zikang'aa. Nilitamani kuzipiga picha.

Saa kumi gari likafika. Akashuka mama mzee, mwembamba, kofia ameishikilia kwa sababu upepo wetu mnaujua. Peke yake. Bwana Pita alikwama Sekenke, mashine imeharibika, akamtuma dereva tu. Dereva naye akakimbilia kutafuta ugali. Mama Pita akaketi pale barazani mbele ya meza ya watu wanne, ziwa huko chini, viti vitatu vitupu vinamtazama.

Mzee Chilongani akapeleka ghorofa. Mimi nachungulia kwenye mlango. Yule mama akala sandwichi moja, akaipenda. Halafu akauliza kwa upole kama skonzi zinakuja. Mzee, kwa Kiingereza chake cha treni, akajibu, "Ziko hapo, mama." Mama akatazama. Akachukua moja, akaivuta, ikavutika. Ikaendelea kuvutika. Akairudisha kwenye sahani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto wa jirani, akatabasamu lile tabasamu la adabu. Wanangu, mgeni akikutabasamia hivyo, ujue mambo yameharibika.

Wakati huohuo Bi Nirmala anaingia na maboksi yake ya vikombe. Kuona meza, akaganda. Akanivuta ndani.

"Maria, hizi ni nini?"

"Skonzi."

"Hizi ni skonzi za dukani! Ya Kiingereza haitiwi hamira! Ni ngumu kidogo, inakatika, unaipasua kwa kisu!"

"Sasa si ungesema hivyo!"

"Nilisema skonzi!"

"Na mimi nimeoka skonzi!"

Tukabaki tunatazamana, wote wawili tuna haki, na haki yenyewe haitusaidii. Kumbe neno tulilichukua kwao zamani, tukalitia hamira, likaumuka likawa la kwetu, na hakuna aliyekumbuka kuwapa taarifa wenye nalo.

Bi Nirmala akamgeukia Mzee aliyekuwa ameingia kuchukua maji ya moto. "Na wewe Mzee, miaka yote ile kwenye reli, hukuona kwamba hizi siyo?"

"Zilikuwa zinafunikwa kitambaa, mama," akasema Mzee. "Kazi yangu kubeba. Kufunua ni kazi ya abiria."

Siku nyingine tungecheka. Bi Nirmala alikuwa amechoka, ametoka safari, macho yamemjaa machozi. Akasema neno ambalo najua hakulipenda likimtoka. "Basi, Mzee. Ukimaliza meza hii, imetosha."

Mzee Chilongani akafunga kifungo cha juu cha koti, akashika buli, akatoka. Mimi nikamfuata nyuma, sijui nilitaka kufanya nini. Kifuniko cha buli kilianza kugonga kabla hajaikaribia meza. Ngeke, ngeke, ngeke, mpaka jikoni walisikia. Kikombe kikapata chai kidogo, kitambaa cha meza kikapata iliyobaki, ikatiririka hadi ukingoni na kumdondokea mgeni kwenye gauni.

Mzee akasimama pale, buli mkononi, uso kama jiwe. Nikasema moyoni, kwisha habari.

Yule mama hakupiga kelele. Alichukua kitambaa, akajifuta. Halafu akanyoosha mkono wake mwenyewe mbele ya Mzee, ametandaza vidole, aone. Ulikuwa unatetemeka. Unatetemeka kuliko wa Mzee! Akasema kitu, na Mzee Chilongani, ambaye hakuwahi kucheka mbele ya mgeni, akatoa kicheko kimoja kifupi. Baadaye alituambia alichosema: "Mimi nyumbani namwagia paka."

Kisha akavuta kiti kilicho karibu naye, akakipigapiga. Kaa.

"Mhudumu hakai, mama," akasema Mzee.

Yule mama akaongea kwa muda. Bi Nirmala, aliyekuwa amefika mlangoni ubavuni kwangu, akanitafsiria polepole. Alisema mumewe amefariki, na tangu hapo kila saa kumi anakunywa chai na viti. Amevuka bahari kuja kwa mwanawe, mwanawe akamtumia dereva. Sasa amefika mwisho wa dunia, na bado anakunywa chai na viti.

Mzee amesimama tu. Buli linatetemeka. Uvumilivu ukanishinda, nikapaza sauti kutoka mlangoni kama niko nyumbani kwetu. "Mzee Chilongani! Huko kwenu Ugogo mgeni anatengewa chakula anaachwa ale peke yake kama mchawi? Si ukae!"

Akageuka. Hakunitazama mimi, alimtazama Bi Nirmala. Bi Nirmala akainama kwenye boksi lake la Arusha, akafungua karatasi, akatoa kikombe kipya na kisahani chake. Akaenda mezani, akakiweka mbele ya kile kiti, kishikio kimeelekea upande wa kulia kama Mzee mwenyewe alivyotufundisha.

Mzee Chilongani akaketi.

Alikalia ukingo tu wa kiti, magoti pamoja, kama mtu aliyeingia daraja la kwanza bila tiketi. Mama Pita akalishika buli kwa mikono yake miwili. Mzee akakishika kikombe kwa mikono yake miwili. Buli linacheza, kikombe kinacheza, huyu anamfuata huyu, mpaka mahali fulani hapo katikati wakapatana na chai ikaingia. Alimimina kama wao wanavyokunywa, nyeusi, na tone la maziwa ambalo hata kifaranga lisingemtosha. Mzee akanywa.

Akameza. Akakitazama kikombe, akatazama buli, akatazama ziwa.

"Maria!" akaita. "Kumbe kitu hiki ni kichungu hivi?"

"Haina sukari, Mzee."

"Miaka yote hii nawapa watu huu mwarobaini, na wananiambia asante! Mungu wangu! Lete sukari!"

Mama Pita akauliza amesema nini. Mzee akamwambia neno kwa neno. Yule mama alicheka mpaka kofia ikachukuliwa na upepo, ikaenda kutua kwenye mawe, na hakuna aliyeinuka kuifuata. Bi Nirmala alikuwa anacheka na kulia pamoja, mimi sijui nilikuwa nafanya lipi. Tukaleta sukari. Mzee akatia vijiko mpaka kijiko kikasimama. Halafu akachukua skonzi yangu, akairarua kwa mikono, akapaka utando, akamwagia asali, akampa mgeni nusu kama unavyompa ndugu yako. Yule mama akala. Msiniulize kama alisema ni tamu kuliko za kwao, hakusema. Alisema, "Hii siyo skonzi." Kisha akanyoosha mkono achukue nyingine.

Kesho yake Mama Pita alikuja jikoni kunifundisha zile zake, na hapo mimi ndiye niliyecheka. Siagi baridi unaisugua kwenye unga kwa ncha za vidole, poda ya kuumulia badala ya hamira, maziwa kidogo, usikande kabisa, wala usiliguse donge kama unalipenda. Moto mkali. Basi, zikatoka ngumu kama mawe ya pale kilimani. Tukawatupia kuku, kuku wakazizunguka wakaondoka. Kumbe ile poda ya kuumulia ilikuwa ya tangu enzi za mgao, imekufa zamani. Tulipopata mkebe mpya zikakubali. Kwa hiyo nawaambia, poda yoyote ya kuumulia ijaribuni kwanza kwenye maji ya moto. Isipotoa povu, tupa, hata kama mkebe unang'aa.

Bwana Pita aliwaleta watu wake kama alivyoahidi. Walikaa kwetu misimu miwili, kisha wakaondoka, dhahabu haikuwapenda. Chai ikabaki. Tuliweka skonzi za aina zote mbili kwenye ghorofa, na wateja wakubwa wakawa watu wetu wenyewe, hasa wazazi wanaokuja kukubaliana mambo ya posa, maana ni vigumu kugombana ukiwa umeshika kikombe kidogo vile.

Na Mzee Chilongani? Bi Nirmala alimvua zamu ya kumimina siku ileile. "Kuanzia leo Mzee hamimini," alitutangazia jikoni. "Anamiminiwa." Kazi yake ikawa kukaa na mteja yeyote anayekuja peke yake. Wafanyabiashara wa vitunguu, masista wa misheni, maofisa waliohamishwa bila familia, wote walimmiminia. Mikono ikaendelea kutetemeka na haikuwa shida ya mtu. Alikaa na watu, anawasikia wakiongea, mpaka Mungu alipomwita, na hakurudi kwenye ile nyumba yenye mlango tu. Kikombe chake kipo kwenye kabati la pale mapokezi. Ule weupe wa ndani haujarudi tena, madoa ya chai na sukari yaliufunika.

Nimesikia baadhi yenu mtapelekwa pale kwa mafunzo. Mimi hupanda kilima Jumamosi, saa kumi, naketi barazani. Mwalimu wenu amewafundisha kusimama wima, mkono mgongoni, na ni vizuri. Lakini mkinikuta pale peke yangu, wewe wa suka ndefu hasa, usinisimamie kichwani. Vuta kiti, ukae. Na uje na sukari.